Kuelewa au Kukariri? Kupima Hoja za Ufundishaji wa Hisabati

Mwanzoni mwa mwaka 2025 Wakenya walibishana vikali kuhusu somo moja. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba katika sekondari ya juu chini ya mtaala wa umilisi, Hisabati itakuwa ya lazima kwa wanafunzi wa mkondo wa sayansi na teknolojia tu. Malalamiko yakazuka, na mwezi Aprili uamuzi ukageuzwa: kila mwanafunzi atasoma Hisabati, ila kwa viwango viwili tofauti. Upande wa Tanzania, mtaala mpya ulianza kutekelezwa Januari 2024, nao unasisitiza umahiri wa mwanafunzi kuliko wingi wa mambo aliyoyashika kichwani.

Mijadala hii imewaacha watu wengi njia panda. Mzazi anamwona mtoto wa darasa la tatu akipanga vizibo vya soda na kuchora mstari wa namba, wakati yeye katika umri huo alikuwa ameshaimba tebo mpaka ya kumi na mbili. Anajiuliza kama shule imeacha kufundisha. Mwalimu naye huambiwa kwenye semina ahakikishe wanafunzi wanaelewa na hawakariri. Akirudi shuleni, swali analokutana nalo ni wastani wa darasa lake katika mtihani wa majaribio. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Uchambuzi huu unaviweka vipande hivyo mezani pamoja, unavipima, kisha unaeleza uzito ulalie wapi.

Ukubwa wa tatizo

Tanzania imekuwa na mtaala unaojenga umahiri katika sekondari tangu mwaka 2005. Hata hivyo, kati ya mwaka 2012 na 2024 hapakuwa na mwaka hata mmoja ambao waliofaulu Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne walifika theluthi moja ya watahiniwa. Kwa miaka kadhaa mfululizo kiwango kilikuwa karibu mwanafunzi mmoja kati ya watano. Watahiniwa hao ni vijana waliosoma somo hilo kwa miaka kumi na moja, karibu kila siku ya shule.

Haiwezekani kusema kwamba hawakufundishwa kanuni. Chukua MAGAZIJUTO, kifupisho kinachojulikana na kila aliyepita shule ya msingi Tanzania: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Mpe mwanafunzi 10 − 3 + 2. Wengi huona kwamba J imetangulia T, hujumlisha 3 na 2 kupata 5, kisha hutoa 5 kwenye 10 na kuandika 5. Jibu sahihi ni 9. Kanuni aliikumbuka vizuri, na ameifuata kwa uaminifu. Kilichokosekana ni kujua kwamba alama ya kutoa inaihusu 3 peke yake, na kwamba ile 2 inaongezwa. Anayelijua hilo anaweza kuanza na kujumlisha bila wasiwasi: 10 na 2 ni 12, toa 3, inabaki 9. Kanuni ni ileile. Anayeielewa anapata 9, na asiyeielewa anapata 5.

Uelewa wa dhana ni kitu gani

Mwaka 1976 Richard Skemp, mwanasaikolojia wa Uingereza, alitofautisha aina mbili za kuelewa hisabati. Ya kwanza ni kujua cha kufanya bila kujua sababu yake. Ya pili ni kujua cha kufanya pamoja na sababu, na kuona jinsi jambo moja linavyohusiana na mengine. Skemp hakuwadharau walimu wa aina ya kwanza. Alikiri kwamba njia yao ni rahisi kuingia akilini, huleta majibu sahihi haraka, na humpa mtoto furaha ya kuona alama za vema kwenye daftari. Faida za njia ya pili huchelewa kuonekana: maarifa hudumu zaidi, na mwanafunzi huweza kuyatumia katika swali ambalo hajawahi kuliona.

Tofauti hiyo hujitokeza wazi kwenye sehemu. Mwanafunzi anayejumlisha 1/2 na 1/3 na kupata 2/5 amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Mwalimu anaweza kumsahihisha kwa kumkumbusha Kigawe Kidogo cha Shirika, na kesho yake mwanafunzi atapata 5/6. Lakini je, anaona kwamba 2/5 ni ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo, na kwamba haiwezekani kuongeza kitu juu ya nusu ukabaki na pungufu ya nusu? Mwenye uwezo wa kuliona hilo ana mlinzi wa ndani anayemwonya anapokosea. Asiye nao hana njia ya kujua kuwa amekosea mpaka mwalimu aweke alama ya kosa.

Msimamo wa kwanza: taratibu zitangulie

Wapo wanaosema mtoto ashike kwanza tebo na kanuni, maana yake ataielewa akikua. Msimamo huu huitwa wa kizamani, lakini una hoja nzito.

Hoja ya kwanza inatokana na namna akili inavyofanya kazi. Nafasi ya kushikilia mambo kwa wakati mmoja kichwani ni finyu. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayetafuta vigawo vya mlinganyo huku bado anahesabu 7 × 8 kwa vidole hana nafasi iliyobaki ya kufikiria mlinganyo wenyewe. Tebo iliyokaa sawasawa kichwani humpa nafasi hiyo. Ya pili inahusu usawa. Mtoto wa mzazi aliyesoma anaweza kufidia nyumbani au kwa tuisheni kile ambacho shule haikukifundisha. Mtoto wa mkulima au mvuvi hutegemea zaidi mwalimu wake, na kanuni iliyofundishwa wazi na kufanyiwa mazoezi ya kutosha ni mali anayoweza kuondoka nayo. Ya tatu ni ya mazingira: kwenye darasa la wanafunzi themanini, kueleza hatua ubaoni na kutoa zoezi ndiyo njia ambayo mwalimu ana hakika ataimaliza.

Udhaifu wake nao ni mkubwa. Mwaka 1973 mtafiti Stanley Erlwanger alichapisha mazungumzo yake na mvulana wa Marekani mwenye umri wa miaka 12, aliyempa jina la Benny. Benny alikuwa akisoma kwa vijitabu vya hatua kwa hatua na alihesabiwa miongoni mwa wanafunzi wazuri. Alipoulizwa kwa kina, ilibainika kwamba aliamini 5/10 kwa desimali ni 1.5, kwa sababu 5 na 10 jumla yake ni 15 na nukta huwekwa katikati. Kwake hisabati ilikuwa rundo la kanuni zilizotungwa na watu, na kazi ya mwanafunzi ilikuwa kubahatisha ile inayolingana na ufunguo wa majibu. Alama zake nzuri ziliuficha ugonjwa huo kwa muda mrefu.

Tena, kanuni zisizo na sababu hurundikana. Za darasa la tano ni chache na hukaririka. Zikifika za kidato cha tatu, kila moja na masharti yake, huanza kuchanganyana. Hii ni sababu mojawapo ya mwanafunzi aliyefanya vizuri katika msingi kuanguka sekondari huku akiendelea kujituma vilevile.

Msimamo wa pili: mwanafunzi agundue mwenyewe

Wanaosimama upande wa pili husema kwamba maarifa ya kweli hujengwa na mwanafunzi. Mpe tatizo, mpe vifaa, mwache ajadiliane na wenzake, na mwalimu awe mwezeshaji. Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unamrudishia mtoto imani kuwa hisabati ina mantiki na kwamba yeye anaweza kuifikia. Watafiti, akiwemo Manu Kapur aliyefanya kazi zake za awali Singapore, wameonyesha kwamba wanafunzi wanaohangaika na tatizo kabla ya kufundishwa njia yake wanaweza baadaye kuielewa dhana kwa kina zaidi. Lakini katika kazi hizo kuhangaika hufuatwa na maelezo ya mwalimu, na sharti hilo ndilo husahaulika mara nyingi semina zinapoisha.

Bila maelezo hayo, ugunduzi una gharama. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walichapisha makala yenye hoja kwamba mwanafunzi mchanga akiachwa na mwongozo mdogo hupoteza nguvu nyingi kutafuta njia, na kidogo sana hubaki kama maarifa ya kudumu. Katika madarasa yetu gharama hiyo huonekana kwa sura nyingine. Kazi za vikundi hufanywa na mwanafunzi mmoja au wawili wenye uwezo, waliobaki wakinakili. Vifaa huchezewa mpaka kengele inalia bila mtu kusema vina uhusiano gani na namba zilizoandikwa ubaoni. Kipindi kimechangamka, mkaguzi amefurahi, na hakuna dhana iliyoshikwa.

Msimamo wa tatu: dhana ifundishwe waziwazi

Kuna njia inayosikika kidogo kwenye ubishi wetu, ingawa ndiyo iliyozisaidia baadhi ya nchi zinazoongoza. Singapore ilianza miaka ya 1980 kufundisha kwa hatua tatu: mtoto hushika vitu halisi, kisha huchora picha ya uhusiano, kisha huandika alama za namba. Mwalimu ndiye anayeongoza safari yote na ndiye anayeunganisha hatua moja na nyingine. Mazoezi ni mengi, ila yamepangwa ili kila swali lionyeshe jambo ambalo lililotangulia halikulionyesha. Katika upimaji wa kimataifa wa TIMSS wa mwaka 1995, Singapore iliongoza.

Utafiti wa Liping Ma, uliochapishwa mwaka 1999, unaonyesha njia hii inadai nini. Ma aliwalinganisha walimu 72 wa shule za msingi China na walimu 23 wa Marekani. Aliwaomba wakokotoe 1 3/4 ÷ 1/2, kisha watunge hadithi inayoelezea maana yake. Walimu wote wa China walikokotoa sawasawa, na walio wengi walitunga hadithi sahihi. Kati ya wale 23 wa Marekani, walimu 9 tu walifika kwenye jibu kamili, na mmoja tu alitunga hadithi iliyosimama. Wengi wao walikuwa na shahada, na elimu yao ya darasani ilikuwa ndefu kuliko ya wenzao wa China.

Hadithi iliyotakiwa si ngumu kwa anayeielewa dhana. Muuza duka ana kilo moja na robo tatu za sukari, anazipima katika mifuko ya nusu kilo. Atapata mifuko mitatu na nusu. Mwalimu anayeiona picha hiyo anaweza kueleza kwa nini jibu la kugawanya limekuwa kubwa kuliko namba aliyoanza nayo, jambo linalowashangaza wanafunzi wengi. Asiyeiona atabaki na agizo moja tu: geuza sehemu ya pili, kisha zidisha.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa msimamo wa tatu: unamtegemea mwalimu kuliko misimamo mingine yote. Kanuni inaweza kunakiliwa kitabuni. Maelezo ya sababu lazima yawe ndani ya mwalimu, pamoja na uwezo wa kutambua kosa la mtoto limetoka wapi.

Funzo la Entebbe

Afrika Mashariki imewahi kujaribu kufundisha hisabati kwa dhana, na kumbukumbu hiyo haistahili kusahaulika. Baada ya Wasovieti kurusha Sputnik mwaka 1957, Marekani ilibadili mitaala yake kwa kasi na kuzaa kile kilichoitwa Hisabati Mpya, iliyotilia mkazo seti na muundo wa namba. Mwaka 1962 wataalamu wa Marekani na Uingereza walikutana na walimu wa nchi kadhaa za Afrika mjini Entebbe, Uganda, na kuanza kuandika vitabu vilivyojulikana kwa jina la mji huo. Lengo lilikuwa jema: mtoto wa Afrika asiwe mkokotoaji tu, aifahamu hisabati kwa mizizi yake.

Mpango ukakwama. Walimu waliandaliwa kwa muda mfupi kufundisha mambo ambayo wao wenyewe hawakuyasoma. Wazazi waliona watoto wakichora seti huku wakishindwa kuhesabu chenji. Lugha ya seti, iliyokusudiwa kuleta uelewa, ikageuka msamiati mwingine wa kukariri. Marekani yenyewe ilianza kurudi nyuma, na mwaka 1973 Morris Kline aliandika kitabu kizima cha kuipinga. Kenya iliachana na Hisabati Mpya mwaka 1981 kwa agizo la Rais.

Wapo wanaosema kisa hiki kinathibitisha kwamba kufundisha kwa dhana hakuwezekani kwetu. Hitimisho hilo limepita ushahidi. Kilichoshindikana ni kubadili vitabu kabla ya kumwandaa mwalimu, na kudhani kwamba dhana ya juu zaidi ndiyo inayoeleweka zaidi. Mtoto wa darasa la pili hahitaji nadharia ya seti. Anahitaji kujua kwa nini ile 1 anayoichukua anapojumlisha 27 na 15 ni kumi nzima.

Kwa nini madarasa hayabadiliki

Mitaala imebadilika mara kadhaa tangu wakati huo, na ubao umebaki ulivyokuwa. Sababu kubwa ni nne.

*Mtihani.* Mwalimu hufundisha kinachoulizwa. Karatasi ya Hisabati ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, iliyofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua jibu. Swali la namna hiyo haliulizi njia wala sababu, na mbinu za kukisia hulipa. Mfumo wa kupima ukibaki hivyo, mwalimu anayetumia wiki mbili kueleza maana ya sehemu anajiweka hatarini, pamoja na wanafunzi wake.

*Ujuzi wa mwalimu.* Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliohusu shule za msingi katika nchi saba za Afrika zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, ulikuta kwamba karibu robo ya walimu hawakuweza kutoa namba za tarakimu mbili. Haifai kuwalaumu walimu hao. Wao ni matunda ya madarasa yaleyale tunayoyajadili. Lakini haiwezekani kumtaka mtu agawe asichonacho.

*Lugha.* Kueleza sababu kunahitaji maneno. Katika shule za serikali Tanzania, mtoto husoma Hisabati kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha akiingia kidato cha kwanza somo linageuka kuwa kwa Kiingereza. Anayeweza kusema kwa Kiswahili kwa nini 2/5 haiwezi kuwa jibu anaweza kukaa kimya kabisa katika lugha asiyoimudu. Akikosa maneno ya kujenga hoja, kimbilio lake ni kukariri hatua, kwa sababu hatua hazihitaji sentensi.

*Wingi wa mada.* Silabasi ndefu humlazimisha mwalimu kukimbia. Uchunguzi wa video za vipindi uliofanywa chini ya TIMSS mwaka 1999 ulionyesha kwamba walimu wa Marekani walikuwa nayo maswali ya kuunganisha dhana, ila karibu yote waliyageuza darasani kuwa ya kufuata hatua. Japani na Hong Kong, karibu nusu ya maswali hayo yalibaki na uzito wake. Kuwa na swali zuri kitabuni hakutoshi, linahitaji muda na mwalimu asiyeogopa ukimya wa wanafunzi wanaofikiri.

Uzito ulalie wapi

Kwa upande wa namna watoto wanavyojifunza, ubishi wa kuelewa dhidi ya kukariri umekwisha kupata majibu ya kutosha. Ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ya mwaka 2001 ililinganisha umahiri wa hisabati na kamba ya nyuzi tano, uelewa wa dhana na ufasaha wa taratibu zikiwa mbili kati ya hizo, na ikasisitiza kwamba nyuzi hizo husukwa pamoja. Mwaka huohuo Bethany Rittle-Johnson na wenzake walionyesha kwamba maendeleo ya upande mmoja huuvuta upande mwingine, kisha ule nao huuvuta wa kwanza. Anayesema tebo ni adui wa uelewa amekosea. Anayesema uelewa utakuja wenyewe baada ya tebo amekosea vilevile.

Ubishi halali uliobaki ni wa muda, kwa sababu saa za darasani ni chache na kila dakika ya kueleza ni dakika iliyotolewa kwenye mazoezi. Hapo lazima tuchague, na uchaguzi wenye busara si kueleza kila kitu kwa kina sawa. Zipo dhana chache zinazobeba nyingine: thamani ya nafasi ya tarakimu, maana ya alama ya sawasawa, sehemu, uwiano, na namba hasi. Mtoto anayedhani alama ya sawasawa inamaanisha "andika jibu" ataweka 12 kwenye nafasi ya 8 + 4 = __ + 5, na miaka michache baadaye milinganyo itamshinda. Dhana hizo zinastahili wiki kadhaa, hata kama mada nyingine zitapunguzwa au kuondolewa. Kwa mambo mengine mengi, maelezo mafupi na mazoezi yaliyopangwa vizuri yanatosha.

Uchaguzi huu unawezekana hata kwenye darasa la wanafunzi themanini. Mwalimu anaweza kuandika ubaoni jibu lenye kosa, kama lile la 2/5, na kuwauliza wanafunzi waeleze kwa jirani zao kwa nini haliwezi kuwa sahihi. Gharama yake ni chaki na dakika tano. Mtihani wa taifa nao unaweza kuuliza swali hilohilo: "Juma amepata 2/5. Bila kukokotoa, eleza kwa nini amekosea." Siku swali hilo litakapotokea kwenye karatasi ya mtihani, litafundishwa nchi nzima mwaka unaofuata.

Kwa muhtasari

Taratibu bila maana huleta majibu ya haraka yanayoporomoka sekondari. Ugunduzi bila mwongozo huchangamsha darasa na kuwaacha nyuma walio wanyonge zaidi. Kufundisha dhana waziwazi, pamoja na mazoezi ya kutosha, ndiyo njia yenye ushahidi mzuri kuliko zote, lakini ndiyo inayomdai mwalimu zaidi. Kwa hiyo mageuzi ya kweli hayaanzi kwenye jalada la mtaala. Yanaanza kwa kumfundisha upya mwalimu hisabati anayoifundisha, kupunguza mada, kubadili maswali ya mtihani, na kumruhusu mwanafunzi ajadili kwa lugha anayoimudu. Mzazi anayetaka mtoto wake ajue tebo ana haki ya kuidai. Aidai pamoja na haki ya pili iliyo sawa nayo: mtoto huyo aweze kueleza kwa maneno yake jibu lake limetoka wapi, na atambue mwenyewe anapokosea.